Chokaa au simiti: kuchagua plasta ya kuta za Lamu

Masika yakishapita, patasi huanza kusikika kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu. Watu wanabandua plasta iliyovimba, wanafagia unga uliomwagika chini ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kisha wanasimama na swali lile lile la kila mwaka: turudishe chokaa, au tupige simiti tumalize? Mwenye duka atasema simiti, maana ndiyo iliyojaa stoo. Mwashi kijana atasema simiti, maana ataimaliza leo na kesho yuko kwa mtu mwingine. Mwashi mzee ataugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, asikilize, kisha aulize: "Nyumba hii imejengwa kwa nini?"

Mimi niko na mzee. Mambo ya bei, ya haraka na ya uzuri yana nafasi yake, lakini yanakuja nyuma ya swali hilo. Hapa nalinganisha chokaa na simiti kwa jicho la mwenye nyumba asiye fundi, anayetaka kutengeneza kiraka cha ukutani mwenyewe bila kuiharibu nyumba wala macho yake.

Ukuta wako ni upi?

Nyumba za kale za mji wa Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa yalivyo, makubwa kwa madogo, yakashikwa kwa chokaa na mchanga. Ukuta una unene wa karibu nusu mita, pengine zaidi, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Tumbawe lina vitundu tele. Linakunywa maji ya mvua na ya ardhini, kisha linayatoa polepole hewani, na chokaa iliyolizunguka inafanya vivyo hivyo. Ukuta mzima umejengwa kwa mpango huo wa kunywa na kutoa.

Ukienda pembeni ya mji, Wiyoni au Kashmir, unakuta zaidi nyumba za matofali ya simiti, au za mawe yaliyokatwa mraba na kujengwa kwa simiti, nguzo na mihimili yake ikiwa ya zege. Malindi nyumba nyingi ni za namna hii. Ukuta huo ni mwembamba, mgumu, haukutegemea kupumua tangu ulipoanza kupanda. Mawe yenyewe huenda yametoka chimbo moja na ya Mkomani, tuseme kule Maweni, kwenye kisiwa cha Manda ng'ambo, lakini kinachoyashika ni kitu kingine kabisa.

Kuujua ukuta wako ni kazi ya dakika tano. Tafuta mahali pasipoonekana, nyuma ya kabati au chini ya ngazi, ukwangue plasta mpaka ufike kwenye maungio ya mawe. Chukua msumari ukune. Chokaa ya zamani ni nyeupe au ya rangi ya maziwa yaliyoiva, inatoka unga, na mara nyingi ina vipande vya makaa vilivyobaki kutoka tanuri, au vigae vya kombe. Simiti ni ya kijivu, na msumari unaacha mkwaruzo tu. Ukikuta plasta ya kijivu juu lakini maungio ya ndani ni meupe, basi nyumba ni ya chokaa na kuna mtu aliyekutangulia na simiti yake. Hali hii imeenea kuliko watu wanavyodhani, na nitairudia.

Maji yanapitaje

Hapa ndipo tofauti yao ilipo hasa, na mengine yote yanatoka hapa.

Ukuta wa Lamu una maji siku zote. Yanapanda kutoka ardhini, yanaingia kwa paa, yanatoka kwenye choo cha juu na bomba linalovuja kimya kimya. Maji hayo yanabeba chumvi, kwa kuwa tuko kisiwani, visima vingi vina maji ya chumvi, na zamani hata mchanga wa kujengea ulichotwa popote palipo karibu. Plasta ya chokaa inayaachia maji yatoke juu ya uso wake wote. Yakitoka yanaiacha chumvi palepale ndani ya plasta, nayo plasta inalika kidogo kidogo, inatoa unga, mwishowe inadondoka. Watu wanaliona hilo kuwa ni kasoro ya chokaa. Mimi naliona ndiyo kazi yake: imekufa plasta, jiwe limesalimika. Plasta ni kama kanga unayovaa juu ya nguo nzuri ukiingia jikoni.

Simiti haiyazuii maji yasiingie, maana haikosi ufa. Inayazuia yasitoke. Ni ngumu kuliko tumbawe lenyewe, haina kunyumbuka, na nyumba ya boriti na chokaa hucheza kidogo kila jua linapopanda na kushuka. Basi inapasuka nyufa nyembamba kama uzi, mvua ya kusi inaingia, na kutoka hakuna njia. Maji yanatafuta mlango: yanapanda juu zaidi ya yalipokuwa yakifika zamani, au yanatokea upande wa ndani. Chumvi nayo inaganda nyuma ya simiti, inaisukuma, na siku simiti inapobanduka inatoka na ngozi ya jiwe. Mahali panapotisha zaidi ni juu, vichwa vya boriti vinapoingia ukutani. Mti wa mkoko una sifa ya ukaidi, lakini ukikaa ndani ya ukuta wenye maji mwaka baada ya mwaka unaoza, na unaoza kwenye ncha usipopaona.

Dalili moja ya kukumbuka: ukuta unaoonekana umelowa alfajiri siku za hewa nzito, na mchana umekauka, ilhali mvua haijanyesha kitambo. Hiyo ni chumvi inayovuta unyevu wa hewani. Kuongeza plasta ngumu juu yake ni kuifunga ndani. Pasafishe kwa brashi kavu, uzoe unga uutoe nje ya nyumba, na usipaoshe kwa maji, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani.

Sasa geuza upande wa pili. Kwenye ukuta wa matofali ya simiti, simiti inashikana na mwenzake, zinapanuka na kusinyaa kwa kiasi kimoja, na ugumu wake ni faida. Bafu inayomwagiwa maji kila siku, ngazi za nje, kizingiti cha mlango kinachogongwa na mizigo, msingi wa tangi la maji: huko chokaa tupu italika mapema na utachoka kuirudia. Mwenye nyumba mpya Malindi anayeambiwa apige chokaa eti ndiyo asili yetu anauziwa mapambo. Si haramu, inapendeza, lakini ukuta wake haukuiomba.

Kwa mkono wa asiye fundi

Watu hudhani simiti ndiyo rahisi kwa mtu wa nyumbani. Kuipata ni rahisi kweli. Kuifanyia kazi ni hadithi nyingine. Ukishaichanganya na maji una saa moja, saa mbili kwa wingi, na jua la Lamu linazipunguza. Mtu asiyezoea mwiko anachanganya karai zima, anahangaika na kona moja, na nusu ya karai inamgandia. Tena wengi wakiona imeanza kukaza wanaongeza maji waikoroge upya. Simiti iliyofufuliwa hivyo haina nguvu, itatoa unga kabla ya mwaka.

Chokaa inakusubiri. Mchanganyiko wa chokaa na mchanga ukifunikwa gunia bichi na plastiki juu unakaa siku kadhaa ukiwa bado unafanyika, na chokaa iliyorojeka ikiwa chini ya maji kwenye ndoo yenye kifuniko inakaa miezi na kuzidi kuwa laini. Ukikosea leo, kesho unakwangua unaanza tena, na jiwe halijui kama ulikuwapo. Kwangu hiyo ndiyo hoja kubwa kwa mtu anayejifunza: kosa la chokaa linatoka kwa mwiko, kosa la simiti linatoka kwa nyundo na patasi, na linaondoka na sehemu ya nyumba.

Bei ya subira hiyo ni muda. Simiti hukaza siku hiyo hiyo, na nguvu yake hupimwa ikifika siku 28. Chokaa hukauka juu kwanza, kisha inakula hewa ya kaboni polepole ili irudi kuwa jiwe, na plasta nene huchukua miezi. Mwenye mgeni anayefika wiki ijayo asianze chokaa leo.

Namna ya kupiga kiraka cha chokaa haina siri. Bandua kilichokufa tu. Kigonge ukisikilize, penye sauti ya mtungi mtupu ndipo palipoachana na jiwe. Fagia vumbi. Mashimo makubwa usiyajaze chokaa tupu, itasinyaa na kupasuka: tomea kwa vipande vidogo vya mawe, kila kimoja kimekaa juu ya chokaa yake. Nyunyizia ukuta maji mpaka uache kuyanywa kwa pupa, bila kuuacha ukichuruzika. Kisha kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, maji machache kuliko unavyotamani kutia. Tabaka moja lisizidi unene wa sentimita moja. Likwaruze kabla halijakaza ili la juu lipate pa kushika, liache siku kadhaa, ndipo urudi. Kwa muda wa wiki moja ukuta uwe na kivuli na unyevu. Ning'iniza magunia mabichi mbele yake kama unaelekea baharini, kwa sababu upepo wa kusi unakausha plasta haraka kuliko jua. Plasta iliyokauka kwa haraka haijakaza, imekauka tu, na kidole kitakwambia tofauti.

Kwa simiti kwenye ukuta wa matofali mambo ni mafupi: kipimo kimoja kwa vinne mpaka sita vya mchanga, changanya kidogo kidogo, lowesha ukuta kwanza, na uinyweshe plasta maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Wengi wanaruka hilo la mwisho halafu wanalaumu kampuni ya simiti.

Mchanga ni wa kuangalia kwa zote mbili. Mchanga wa pwani una chumvi. Uonje kwa ncha ya ulimi kama huamini. Na vilima vya mchanga vya Shela viachwe, kwa kuwa chini yake ndiko kuliko na maji matamu yanayonyweka mjini. Agiza mchanga wa bara, na ukiletwa kwa punda tia konzi kwenye chupa ya maji, itikise, iache itulie: tope jingi likikaa juu ya mchanga, uoshe au uurudishe. Maji ya kuchanganyia yawe yale unayoweza kuyanywa.

Kununua

Simiti inavuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kila siku, mfuko wa kilo 50, duka lolote la vifaa vya ujenzi unaupata. Kagua usiwe na mabonge magumu. Hewa ya kwetu inaiharibu simiti ingali ndani ya mfuko, kwa hivyo nunua unayoitumia wiki hiyo na uiweke juu ya mbao, isiguse sakafu.

Chokaa inahitaji maswali. Iko ya mfuko, ya unga, iliyokwisha kuzimwa kwa maji kiwandani. Inafaa, mradi ni mbichi. Ikikaa sana dukani inakula hewa ikiwa humo humo na inakuwa unga wa jiwe usioshika kitu. Iloweke kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kuichanganya na mchanga, utaona ulaini wake. Iko chokaa ya tanuri, ya mawe ya matumbawe yaliyochomwa na kuzimwa kwa maji, ikachekechwa na kulowekwa shimoni kwa wiki nyingi. Ukiipata kwa mtu anayejulikana ichukue, haina mfano. Halafu iko chokaa ya shambani, ambayo ni jiwe la chokaa lililosagwa tu bila kuchomwa. Mifuko inafanana, bei yake inavutia, na haitakaza ukutani hata ukiisubiri mpaka Idi ya mwaka kesho. Muulize muuzaji waziwazi: hii ni ya ujenzi au ya shamba? Na akikupa simiti nyeupe akisema ni chokaa ya kisasa, hiyo ni simiti, rangi yake tu ndiyo imebadilika, na yote niliyoyasema juu ya maji yanaihusu.

Kwa gharama, simiti mara nyingi inaonekana nafuu, ukihesabu na siku za fundi. Hesabu hiyo inageuka kwenye nyumba ya mawe siku unapolazimika kubadilisha boriti mbili za chumba cha ndani.

Zote mbili zinachoma

Chokaa ina sifa ya upole kwa sababu ni nyeupe na ya zamani. Si mpole kwa ngozi wala kwa jicho. Chokaa na simiti mbichi zote ni kali mno, na zinaunguza bila kuuma mwanzoni; mtu anapiga magoti kwenye simiti mbichi suruali ikalowa, jioni anakuta malengelenge. Glavu za mpira, miwani ya kazi inayofunika pembeni, mikono mirefu, na viatu vilivyofungwa, si ndara. Kwa vumbi la kuchanganya au kubandua plasta kavu vaa barakoa nzuri. Leso iliyofungwa puani inakupa moyo tu.

Jicho likirukiwa, usilifikiche. Lioshe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zimefunguliwa, dakika 20 kamili hata kama maumivu yamepungua, kisha nenda hospitali. Kwa wa mjini, King Fahd. Usitie maziwa wala siki wala dawa ya mtu. Kabla hujaanza kazi weka dumu la maji safi karibu, maana bomba la kwetu linajulikana kwa kukata wakati usiofaa.

Kuna kazi moja ya chokaa ambayo namkataza mtu wa nyumbani: kuzima chokaa iliyotoka tanuri. Mawe hayo yakikutana na maji yanachemka, yanatupa matone, yanayeyusha ndoo ya plastiki. Wanaoijua kazi huyatia mawe kidogo kidogo ndani ya maji mengi, na hawamwagi maji juu ya mawe hata mara moja. Nunua iliyozimwa. Na ndoo ya chokaa iliyorojeka iwe na kifuniko kilichokaza, kwa sababu kwa mtoto inafanana na uji.

Lililobaki ni la plasta yoyote. Zima meni swichi kabla ya kutia patasi karibu na soketi au swichi, kwa kuwa nyaya za nyumba zetu zimepita popote fundi wa umeme alipoona njia. Ngazi ya kuegemeza isimame mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne za kwenda juu, na asiwepo mtu chini unapobandua. Plasta ya simiti iliyoachana na ukuta hushuka kipande kizima kama mlango, kwa hiyo anza juu, vipande vidogo, ukiwa umesimama pembeni.

Ukikuta simiti juu ya chokaa

Sasa ile hali ya mtu aliyekutangulia. Hamu ya kwanza ni kuibandua yote. Ngoja. Simiti iliyoshika vizuri, haina ufa, na ukuta ndani ni mkavu, iache; kuing'oa kutavunja mawe zaidi ya kuibakisha. Toa ile iliyovimba na inayolia, na hasa mkanda wa chini, kutoka sakafuni hadi juu kidogo ya alama ya unyevu, mahali maji yanapotafuta kutokea. Uache ukuta ukae uchi wiki kadhaa ukauke. Wageni watauliza, waambie unapumua.

Kuna wanaopendekeza njia ya kati, kipimo kimoja cha simiti, kimoja cha chokaa, na sita vya mchanga. Kwenye ukuta wa matofali ni mchanganyiko mzuri sana, laini kwa mwiko na haupasuki ovyo. Mimi ningeuchagua kwa nyumba ya Malindi kabla ya simiti tupu. Kwenye ukuta wa kale wa Mkomani siupendi. Ni bora kuliko simiti tupu, lakini umeongeza ugumu mahali pasipouhitaji ili uokoe siku chache.

Rangi inaweza kuiharibu kazi yote. Ukipiga chokaa safi kisha ukapaka rangi ya mafuta, umeufunga ukuta sawasawa na simiti. Rangi ya maji ya dukani ni afadhali kidogo, na kwenye ukuta wenye unyevu itainuka mapovu. Paka maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, mikono mitatu hadi mitano, kila mkono ukikauka kwanza. Mkono wa kwanza hauonekani kitu na utadhani umepoteza siku. Wapo wanaotia chumvi ili ishike. Kwenye ukuta ambao ugonjwa wake ni chumvi, sioni busara yake. Kazi hii, tofauti na nyingine zote, haihitaji mwashi kabisa, na ndiyo ambayo nyumba nyingi hufanya kila mwaka kabla ya Maulidi.

Mkono wako uishie wapi

Usipige plasta ya aina yoyote kabla hujajua maji yanatoka wapi. Tazama juu ya paa kama bomba la kutolea maji limeziba majani, tazama choo cha juu, tazama kichochoro nje kama kimejazwa mpaka kikawa juu kuliko sakafu yako. Nusu ya viraka vinavyorudiwa kila mwaka ni bomba ambalo halijatengenezwa.

Ufa usioelewa, chora mstari wa penseli kuukata kwa upana, andika tarehe, uuache miezi miwili. Mistari ikiachana, ukuta unatembea, na plasta haina la kuufanyia. Ukuta uliofanya tumbo, ufa unaoingiza ncha ya kidole, boriti inayobonyea ukiichoma kwa bisibisi, dari ya mawe iliyolegea: hizo ni za mwashi aliyezoea nyumba za kale, na chumba kisilaliwe mpaka aje. Nakshi za plasta na zidaka nazo usizifanyie mazoezi. Kinachoonekana kama uchafu juu yake huenda ni plasta yenyewe ya asili.

Na mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na sheria ya makavazi na urithi ya 2006 inaulinda. Kupaka chokaa ukuta wako hakuna atakayekuuliza. Ukitaka kubandua uso mzima wa nje, kutoboa dirisha au kubadilisha paa, pitia ofisi ya makavazi kwanza. Watu huiogopa kwa sababu ya makaratasi, lakini huko wapo wanaojua chokaa ya kushika ni ipi na mwashi wa kuitia ni nani.

Kwa hivyo nyumba ya mawe na boriti: chokaa, ndani na nje, na mkanda wa chini ukubali kwamba utaurudia. Nyumba ya matofali: simiti, au ile ya kati ukipenda ulaini. Bafu la ndani ya nyumba ya mawe ndilo linalonitatiza. Pale ningeweka simiti na vigae penye maji tu, usawa wa bega, na juu yake chokaa hadi kwenye boriti, na dirisha lisizibwe.

Zinabaki zile nyumba nyingi zenye ghorofa ya chini ya mawe ya kale na ya juu ya matofali, iliyoongezwa watoto walipooa. Huko kila ukuta upewe cha kwake, chokaa chini na simiti juu, na pale zinapokutana usizichanganye wala usiipitishe simiti juu ya mawe ili mstari usionekane. Kata mfereji mwembamba kwa ncha ya mwiko kati ya plasta mbili, plasta zikiwa bado mbichi. Kuta hizo hazichezi pamoja, ufa utatokea tu, na ukitokea utafuata mfereji huo. Kuujaza tena chokaa baada ya masika ni kazi ya asubuhi moja.